Mwenyekiti Huhamishwa, Uwanja Haubebeki: Mwongozo Kamili wa Kuongoza Klabu ya Gofu ya Wanachama Mtwara na Lindi

Kwenye klabu nyingi uongozi hubadilika kwa kura. Huku kwetu Kusini mara nyingi hubadilika kwa barua. Mwenyekiti ni meneja wa benki, kapteni, yaani msimamizi wa mashindano, ni mtumishi wa bandari, mhazini ni mhasibu wa halmashauri au mhandisi wa kampuni ya gesi. Barua ya uhamisho ikitoka, mtu anatakiwa kuripoti Mwanza au Dodoma ndani ya wiki chache, na barua hiyo haisubiri mkutano mkuu. Anayeshika nafasi yake anakabidhiwa funguo, deni la dizeli, na mtunza uwanja anayesubiri kuambiwa afuate mpango wa nani.

Uwanja wenyewe una saa yake. Grini, yaani lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, huhitaji msimu mzima wa mvua ili nyasi ishike vizuri. Pampu ikitunzwa hufanya kazi miaka kumi na zaidi. Mfereji wa kutoa maji chini ya ardhi ukijengwa sawasawa hupita vipindi vya wenyeviti watano. Mti huanza kutia kivuli kwenye nyasi wakati aliyeupanda ameshasahaulika. Kwa hiyo kazi kubwa ya kamati ni kuyatoa maamuzi ya miaka ishirini mikononi mwa kiongozi anayekaa miaka miwili, na kuyaweka mahali ambapo wanachama wote wanayaona na hakuna anayeweza kuyageuza peke yake.

Nawaandikia wajumbe wa kamati, na pia vikundi vya marafiki wanaofikiria kupata ardhi na kuanza na mashimo tisa. Hao wa pili wana bahati. Wakianza na mambo haya kabla ya kununua mbegu ya nyasi, watajiepusha na mengi.

Somo kutoka Oakmont

Oakmont ni klabu binafsi karibu na Pittsburgh, Marekani. Mwanzilishi wake, Henry Fownes, aliujenga uwanja mwanzoni mwa karne ya 20 ukiwa wazi kabisa, upepo unapita, mchezaji anaona mashimo mengi kwa mara moja. Miaka ya 1960 viongozi waliofuata waliona uwanja hauvutii macho, wakaanza kupanda miti. Ikafika maelfu. Ilipofika miaka ya 1990 uongozi mwingine ukaona miti hiyo inaua nyasi na imefuta umbo la awali, ukaanza kuikata, tena mwanzoni alfajiri na kimyakimya ili wanachama wasianzishe ugomvi. Klabu ililipa kupanda, ikalipa kutunza, kisha ikalipa kung'oa. Oakmont ina fedha za kubeba gharama ya namna hiyo. Klabu ya Mtwara au Lindi haina.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Augusta National, klabu nyingine ya gofu ya Marekani, iliongozwa na Clifford Roberts kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1970. Uwanja ulipata mwelekeo mmoja, lakini mtindo huo hutegemea mtu mmoja awe sahihi kwa miongo minne. Sisi tumeshaona kwenye vyama vyetu, vikiwemo vya ushirika, mwenyekiti asiyeondoka anavyogeuka kuwa ndiye chama chenyewe. Sishauri mtu atafute kiongozi wa kudumu kama dawa ya uhamisho.

Mfano ninaoupenda ni wa St Andrews, Scotland. Kapteni wa klabu ya Royal and Ancient hubadilika kila mwaka. Lakini uwanja ulikuwa mikononi mwa Tom Morris tangu 1865 hadi alipostaafu 1903. Makapteni walipita, mtunza nyasi akabaki, na kazi aliijua kwa mikono yake: alisifika kwa kumwaga mchanga juu ya grini ili ziwe sawa na zipumue. Hapo ndipo pa kujifunzia. Cheo cha heshima kizunguke, ujuzi wa udongo ubaki.

Hatua ya 1: Mpe uwanja mwenyewe asiyehamishwa

Klabu ya michezo husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya 1967. Usajili huo unaipa klabu katiba inayotambulika. Mali ishikwe na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, na hati ya ardhi iandikwe kwa jina la bodi hiyo. Hati ikiwa kwa jina la mwenyekiti "kwa muda tu", mnajenga juu ya mali ya mtu na ya warithi wake.

Wadhamini wachaguliwe miongoni mwa watu wenye kaya zao hapa: mstaafu wa Shangani, mfanyabiashara wa Mikindani, mwalimu wa siku nyingi wa Lindi mjini. Kila mdhamini anapobadilika, RITA ijulishwe. Kodi ya pango la ardhi ilipwe kila mwaka na stakabadhi iwekwe kwenye faili la wadhamini, siyo kwenye droo ya mhazini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 mnachopewa ni haki ya kumiliki kwa muda na kwa masharti, muda usiozidi miaka 99, na masharti yakivunjwa milki inaweza kufutwa. Eneo kubwa la nyasi katikati ya mji unaokua huvutia macho ya wengi. Klabu yenye karatasi pungufu haina la kujibu.

Hatua ya 2: Tenganisha kapteni na nyasi

Undeni kamati ya uwanja iliyo tofauti na kamati ya utendaji, na muiandike kwenye katiba. Watu sita wanatosha. Kila mmoja akae miaka mitatu, na kila mwaka watoke wawili tu. Kwa mpangilio huo hakuna mwaka ambao wote ni wageni. Mwenyekiti wake awe mtu asiye na dalili ya kuhama, hata kama hachezi vizuri. Handikapu ndogo, yaani alama ya mchezaji hodari, haimfundishi mtu udongo.

Kiongozi asiyependa jambo hili huwa ni kapteni. Kapteni mpya anakuja na hamu ya kuacha alama: anataka banka, yaani shimo la mchanga la kumtega mchezaji, liongezwe upande wa kushoto kwa sababu yeye hupiga kulia. Apewe mamlaka kamili juu ya mashindano, kanuni za mchezo, ratiba na adabu ya uwanjani. Kuhamisha banka, kubadili aina ya nyasi, kukata au kupanda mti, na kuchimba kisima yawe mambo ya kamati ya uwanja kwa kufuata mpango uliopitishwa.

Kila mwenye cheo awe na msaidizi anayeingia naye kila mahali: benki, stoo, kwa fundi wa mashine. Saini za benki ziwe tatu, zitoshe mbili, na angalau moja iwe ya mdhamini. Hapo barua ya uhamisho ikija, mishahara haikwami.

Hatua ya 3: Fungua daftari la uwanja leo

Mali bila daftari huisha bila habari. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote kwa sababu ni rahisi, halihitaji mkutano, na ndilo linaloachwa zaidi. Nunua daftari gumu la kurasa nyingi, likae ofisini kwa mtunza uwanja, na kila mwisho wa mwezi kurasa zipigwe picha na kutumwa kwa wadhamini.

Liandikwe nini? Mvua ya kila siku kwa milimita. Kipimo cha mvua ni chombo cha bei ndogo na kinaweza kubadilisha mjadala wa kamati nzima. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Mwaka mmoja haufanani na mwingine, na bila tarakimu kila mtu hubishana kwa kumbukumbu. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika hadi Nachingwea, ulianguka kwa sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa kupanga kilimo kikubwa kabla ya kuielewa mvua na udongo wa mahali. Bandari ya Mtwara ni mabaki yake. Kila anayepita pale gatini apate somo hilo.

Andikeni pia lita za maji yaliyomwagwa, dizeli iliyotumika, urefu wa kukata nyasi, mbolea gani na kilo ngapi, dawa gani na siku gani, ugonjwa ulioonekana kwenye grini namba ngapi. Mabadiliko ya urefu wa kukata yawe na sababu yake pembeni. Mwenyekiti mpya akiuliza kwa nini grini zinakatwa milimita 5 wakati Dar es Salaam alicheza kwenye fupi zaidi, jibu litakuwa limeandikwa: mashine yetu, maji yetu, joto letu.

Hatua ya 4: Pima udongo na maji kabla ya kupanga

Maeneo mengi ya wazi kwetu yalikuwa mashamba ya mikorosho. Shamba lililopuliziwa salfa kila mwaka kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga huwa na uwezekano wa udongo wenye asidi, kwa kuwa salfa huongeza asidi ikikusanyika miaka mingi. Pima kabla ya kumwaga mbolea. Anzeni kwa kuuliza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini. TARI Mlingano kule Tanga ndicho kituo chenye kazi maalumu ya udongo.

Maji ya kisima karibu na bahari yapimwe chumvi. Kipimo kinachotumika ni uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa desisimensi kwa mita. Chini ya 0.7 hayana shida, kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, juu ya 3 mimea mingi huumia. Rudieni kipimo kila kiangazi, mwezi Septemba au Oktoba, maana kisima kikivutwa sana huvuta maji ya bahari nayo yaingie. Nyasi aina ya bermuda hustahimili chumvi kiasi. Paspalamu ya pwani hustahimili zaidi, na ndiyo sababu viwanja vingi vya pwani duniani huichagua. Uamuzi wa kati ya hizo mbili ufanyike mara moja kwa vipimo, uandikwe, na usifunguliwe tena kwa sababu mwenyekiti mpya ameona nyasi nzuri safarini.

Sasa hesabu ya maji, kwa sababu ndiyo inayoua viwanja. Chukua grini ya mita za mraba 500. Kiangazi ikihitaji milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 2,500. Grini tisa ni lita 22,500 kila siku. Kwa siku 150 za ukame ni lita 3,375,000, na hapo hujagusa fawei, ile njia ndefu ya nyasi inayoelekea grini, wala tii, pale mchezaji anapoanzia. Kama kisima hakitoi kiasi hicho, msijidanganye. Chagueni kumwagilia grini na tii peke yake, na fawei ziwe za rangi ya majani makavu hadi mvua zirudi. Hakuna aibu katika hilo. Kuna viwanja vya Afrika vilivyoanza na grini za mchanga uliochanganywa na oili, bila nyasi kabisa, na watu walijifunza gofu humo. Kuchimba kisima na kutumia maji kunahitaji kibali chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009; Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina ofisi Mtwara.

Hatua ya 5: Andika mpango wa miaka kumi na mitano

Mpango usiwe kitabu. Ramani moja kubwa na kurasa kumi zinatosha, mradi kila kitu kinachodumu kimo: mipaka, mabomba, valvu, njia za maji ya mvua, kila grini na ukubwa wake, kila mti unaobaki na kila sehemu ambayo hauruhusiwi kupandwa mti. Halafu orodha ya kazi kwa mpangilio wa umuhimu. Mimi ningeanza na kutoa maji, kisha kumwagilia, kisha grini, kisha tii, na banka ziwe za mwisho kabisa. Klabu nyingi hufanya kinyume kwa sababu banka jipya hupigwa picha na bomba halipigwi.

Mpango upitishwe na mkutano mkuu. Kisha katiba iseme kuwa kuubadili kunahitaji theluthi mbili ya kura katika mikutano mikuu miwili inayofuatana. Kifungu hicho kimoja ndicho ngao yenu. Kiongozi mwenye wazo zuri ataweza kusubiri mwaka. Mwenye wazo la kupita atakuwa ameshahamishwa.

Miti ni suala la pekee kwetu, kwa sababu kila mgeni rasmi hupanda mti. Mkuu wa mkoa akialikwa kufungua mashindano, jembe na mche viko tayari, na mche unawekwa pale kamera zilipo, yaani kando ya grini ya mwisho. Mwembe huo baada ya miaka kumi utaitia kivuli nyasi inayohitaji jua karibu kutwa nzima, na nani atathubutu kuukata mti wa mheshimiwa? Tengeni eneo la miti ya wageni karibu na lango au maegesho, libandikwe kibao, na heshima yote ifanyikie hapo. Mikorosho ya zamani iliyo mbali na grini ibaki. Hufaa kwa kivuli cha wachezaji, na zao lake linaweza kuuzwa.

Jambo jingine la kuingiza kwenye mpango ni mchanga. Kumwaga mchanga unene wa milimita 3 kwenye grini ya mita 500 za mraba ni mita za ujazo 1.5, grini tisa ni 13.5, kama safari tatu za lori la tani saba. Ufanyike wakati nyasi inakua kwa nguvu, Desemba hadi Machi, pamoja na kutoboa matundu ili udongo upumue. Mchanga wa baharini usitumike. Una chumvi na vipande vya kombe. Tafuteni wa mtoni kwa mchimbaji mwenye kibali, uchekechwe, na uwe wa chanzo kilekile kila mwaka. Kila kamati ikinunua mchanga wake, grini hujengeka tabaka juu ya tabaka zisizopatana, maji hukwama katikati na mizizi hubaki juu. Huu ni uharibifu ambao hakuna mwenyekiti mmoja wa kulaumiwa kwa ajili yake, maana kila mmoja aliweka milimita zake tatu kwa nia njema.

Hatua ya 6: Fedha zifuate msimu

Ada ikidaiwa Julai huku kwetu hukusanyi kitu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha huzunguka mjini hadi baada ya mwaka mpya. Wafanyabiashara, madereva wa malori, wenye nyumba za wageni, wote hupumua wakati huo. Tarehe ya ada iwe Novemba, na anayelipa mwaka mzima apate punguzo.

Mfuko wa uwanja uwe na akaunti yake chini ya wadhamini. Kanuni ni hii: bei ya kila mashine igawanywe kwa miaka inayotarajiwa kuishi, na kiasi hicho kiwekwe kila mwaka. Mashine ya kukata grini ya shilingi milioni 40 inayotarajiwa kudumu miaka 10 inadai milioni 4 kwa mwaka, kuanzia mwaka wa kwanza, wakati bado inang'aa. Viongozi wa muda mfupi huruka hesabu hii kwa sababu mashine haitawafia wao.

Vipuri vya msingi, mkanda, bledi, chujio na sili za pampu, viwe stoo kabla ya mvua. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika, kila aliyekuwa akingoja mzigo wa kutoka Dar aliona maana ya stoo.

Hatua ya 7: Mlinde mtunza uwanja

Ndiye Tom Morris wenu. Mkataba wake uandikwe, michango yake NSSF na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ilipwe, na apokee maagizo kutoka kwa mtu mmoja tu, mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Mwanachama mwenye lalamiko aandike kwenye kitabu cha maoni. Kumfokea mtunza uwanja mbele ya makedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, kwa kuwa mpira haukuviringika ni kosa la nidhamu, na katiba iseme hivyo waziwazi.

Mchague kijana wa hapa, mpelekeni kujifunza kwenye uwanja mkubwa, Dar es Salaam, Arusha au Moshi, na arudi na mkataba wa kukaa. Chini yake awepo mwingine anayefundishwa. Viuatilifu anavyotumia viwe vilivyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, apewe barakoa na glavu, na asiingizwe kwenye tabia ya kuomba salfa kwa jirani mwenye mikorosho kila aonapo doa jeupe. Mtu wa namna hii akikaa miaka ishirini, wanachama wapya watamwita Mzee na watamwuliza kabla ya kupiga kura.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Watumishi wa umma wanaijua hati ya makabidhiano. Ileteni klabuni. Anayeondoka atembee mashimo yote tisa pamoja na anayeingia, mtunza uwanja na mdhamini mmoja, kwa miguu, asubuhi. Wakifika kila grini daftari lifunguliwe hapo hapo. Kisha ofisini: hati ya ardhi na stakabadhi za pango, cheti cha BMT, kumbukumbu za RITA, kibali cha maji, mikataba ya wafanyakazi, leja ya stoo, taarifa za benki, madeni yote hata yale ya mdomo, nywila za simu ya klabu na barua pepe. Wote wanne wasaini nakala tatu.

Mwenyekiti akihamishwa ghafla, makabidhiano yafanyike ndani ya siku saba, na kabla ya sherehe ya kumuaga. Baada ya sherehe watu hawarudi.

Mwenyekiti mpya naye apewe siku 90 za kutogusa chochote kinachodumu uwanjani. Katika siku hizo asome daftari la misimu miwili iliyopita, ahudhurie vikao vya kamati ya uwanja bila kura, na atoke na mtunza uwanja saa kumi na mbili asubuhi angalau mara moja kwa wiki kuona maji yanafunguliwa wapi kwanza. Siku ya 91 alete hoja zake kwa maandishi, kila hoja ikitaja ukurasa wa mpango unaohusika na mahali fedha itakapotoka.